Neno Lililomzika Mama

Zahanati ya mtaa wetu, Garissa, ilinuka dawa ya kupigia deki na chai yenye iliki. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa na umri wa miaka kumi, na nikitoka shule nilipitia pale kumngoja eedo Safiya, dada yake baba. Aliwahi kuwafanyia kazi Wajerumani kule Mogadishu, kwa hiyo alimtafsiria Sista Ulrike, muuguzi Mjerumani, maneno ya wagonjwa Wasomali. Kiingereza eedo hakukijua, na cha Ulrike kilikuwa cha vitabuni.

Alasiri moja eedo alipokuwa ametoka, redio ya mawasiliano iliita kutoka Habaswein, ambako mama alikuwa amekwenda kuuza mbuzi. Karani wa huko, mtu wa bara aliyezoea Kiingereza cha mitaani, alimwambia Ulrike kwamba mama "passed out" sokoni. Ulrike alijua kwamba "passed away" ni kufariki, akadhani ni yale yale. Eedo aliporudi aliambiwa kwa Kijerumani kwamba wifi yake amekufa.

Baba alisema, "Innaa lillaahi," akaketi mchangani. Dereva wa lori aliyekuwa akiondoka alipewa habari ampelekee babu, baba yake mama, huko Wajir. Majirani wakatandika mikeka. Mimi sikulia, nilitazama viatu vya watu mlangoni.

Eedo ndiye aliyerudi zahanati, amenishika mkono.

"Karani alisema neno gani hasa?"

Ulrike akalitamka. Eedo akanigeukia. "Wewe unasoma Kiingereza."

"Amepita nje," nikasema.

Tukaenda kwa Mwalimu Kioko, jirani yetu kutoka Machakos. "Amezirai," alisema. "Labda ni jua tu. Hajafa." Akaandamana nasi hadi kwenye redio, akamwomba karani amlete mama. Nikaisikia sauti ya mama, ikiuliza kama nimekula.

Tangu hapo watatu hao walikutana kila Jumamosi na daftari. Mwalimu alieleza Kiingereza kwa Kiswahili, eedo na Ulrike wakatafuta jinsi Mjerumani angelisema jambo hilo akiwa nyumbani kwao. Kutafsiri neno kwa neno walikataa. "Passed out" ikawa "umgekippt", kama kitu kilichobinuka. Gari lililo "broken down" likawa "liegengeblieben", limebaki limelala njiani. Ulrike alisema baba yake alisema hivyo hivyo kuhusu trekta lake.

Lakini lile lori lilikuwa limeshakwenda. Babu alimlilia binti yake siku mbili kabla ya habari sahihi kumfikia. Alisafiri hadi Garissa, akamshika mama uso kwa mikono miwili.

Siku hizi simu hutafsiri kabla hujamaliza sentensi. Mama amezeeka, bado yuko Garissa. Akinipigia, kabla hata ya salamu husema, "Mimi niko hai," kisha hungoja nimwambie nimesikia.