Mbeba Kibuyu Nyuma ya Kigoda

Tangu mwaka ule wa picha, Mektrida hakusamehe, wala hakuficha kwamba hajasamehe. Ukienda kwake Kirua miaka ile, hata mtori wa ndizi haujapoa, atakuuliza: umeona walivyomfanya Fabian wangu?

Shemeji yake Remigius, mwenye duka la vigae Moshi mjini, alipewa na mfanyabiashara Mturuki kalenda yenye picha za masultani wao wa zamani. Moja ikamnyima usingizi. Sultani kakaa katikati, mkubwa kuliko askari, kuliko farasi, kuliko hata mlango wa nyumba yake. Juu yake baba na mababu, kila mmoja na duara lake, na mstari wa dhahabu unashuka kwa mmoja hadi mwingine mpaka unatua kichwani pake. Nyuma yake vijana wawili, mmoja kashika upanga, mwingine chombo cha maji. Hapo huhitaji shule. Ukitazama tu unajua nani anatawala, nani anatumwa.

Remigius akampelekea Amon, mchora vibao, akataka ukoo wao uchorwe vile vile. Basi pichani Remigius akakalia kigoda, mnene kama pipa, dhahabu yote yake. Fabian, mume wa Mektrida, kitinda mimba aliyebaki kihambani, kwenye shamba la urithi, akilinda makaburi ya wazee, wenzake walipokimbilia mjini, akasimamishwa nyuma, mdogo kama kifaranga, kashika kibuyu cha maji. Na alikuwa keshazikwa, hana mdomo wa kujibu.

Picha ikatundikwa sebuleni kwa Mektrida, maana Krismasi ukoo hukutana pale. Wageni wakiondoka tu, anaigeuza itazame ukuta. Walimsema wakachoka. Ukuta ni wangu, aliwajibu.

Mwaka jana Remigius akaja mwenyewe, mguu umevimba kwa sukari, mkononi jani la isale. Ukiletewa isale umeombwa msamaha, na hukatai. Akasema siku yake ikifika anaomba alazwe kando ya baba yake. Na kihamba sasa ni cha nyumba ya Fabian.

Mektrida akalipokea jani, akaliweka mezani.

"Mimi nimepokea, shemeji. Fabian bado. Mikono yake ina kibuyu."

Remigius akatazama chini, kisha ukutani, picha ikiwa imempa mgongo.

"Unataka nini, Mama Sirili?"

"Amon na rangi zake."

Watu walidhani atamfuta shemeji. Wapi. Alitaka abaki na unene wake wote, aonekane vizuri. Fabian akaketishwa kigodani, mstari wa dhahabu ukamfuata. Kibuyu akapewa Remigius, naye yuko pale kwenye kochi, fimbo mapajani, anajitazama anavyosimamishwa.

Krismasi ukoo ukajaa. Doris, bintiye Remigius wa mjini, akasimama mbele ya picha.

"Baba, mbona wewe ndiye unabeba maji?"

Mektrida hakumsaidia shemeji.

"Nampelekea mdogo wangu," Remigius akasema.

Mektrida akamgeukia mwanawe.

"Sirili, mpeleke baba yako mkubwa akaone mahali pake kando ya babu."