Gugu Karoti Kando ya Zizi la Ndama

Fomu ya safari ilikuwa na maswali sita, na la nne ndilo lililonitesa kwa zaidi ya mwaka. Liliuliza kama magurudumu na sakafu ya gari vimeoshwa kabla ya kuingia hifadhini. Chini yake kulikuwa na visanduku viwili, cha ndiyo na cha hapana. Nilibonyeza ndiyo. Gari lilikuwa halijaoshwa.

Wakati ule nilikuwa msaidizi katika utafiti wa gugu karoti, mmea wa kuja ambao majani yake yanafanana na ya karoti na maua yake ni madogo, meupe, mazuri kwa macho. Madhara yake sikuhitaji kufundishwa darasani. Kwetu Rhotia lilikuwa limeshaingia kwenye shamba la mahindi na maharage. Mama alilipalilia mikono mitupu, akatoka vipele, ngozi ikampasuka katikati ya vidole. Baba lilimbana kifua kila lilipochanua, ikawa analala ameegemea ukuta. Kiangazi kimoja ng'ombe wetu alilila kwa njaa, maziwa yakawa machungu, tukayamwaga. Kwa hiyo nilipoitwa kazini nilienda kwa moyo mmoja. Nilijiona napigana na adui wa nyumbani.

Aliyetuongoza alikuwa mwanamke mtaratibu tuliyemwita Dokta. Alitaka kujua kama gugu lile litapanda juu, kwenye nyanda za baridi za Ngorongoro, ambako wafugaji hawapalilii kitu, wanategemea majani yanayoota yenyewe. Karatu lilikuwa limejaa kandokando ya barabara. Juu kule hakuna aliyekuwa ameliona, na wengi waliamini baridi italishinda.

Asubuhi ya safari ya kwanza mvua ilikuwa imenyesha sana. Dereva alinipitia nyumbani Rhotia, na kabla hatujafika barabara kuu gari likanasa kwenye matope kando ya shamba la jirani, shamba lenyewe limejaa lile gugu. Tulisukuma, tukachimba, tukaingia na viatu vilivyojaa udongo. Tulipofika Karatu mjini, pale tunapooshea magari tulikuta foleni ndefu ya magari ya watalii. Dokta alikuwa ametangulia na gari lingine, anatungoja kwenye geti la hifadhi.

"Dada, hapa mpaka saa tano hatujatoka," dereva alisema. "We andika tumeosha. Mvua yenyewe itaosha."

Nilikishika kishikwambi chenye ile fomu mapajani, nikaitazama foleni, nikabonyeza. Siwezi kumtupia dereva lawama. Kidole kilikuwa changu.

Siku ile tulifika Nainokanoka, kwenye boma la mama mmoja wa makamo ambaye wote tulimwita yeyo, yaani mama kwa Kimasai. Kiswahili chake alikipata sokoni Karatu, na alikizungumza kwa kujiamini kuliko mimi niliyesoma. Dokta alikaa naye kumuuliza ng'ombe wanahamia wapi kiangazi na wanarudi lini. Mimi nilibaki na gari. Niliona aibu kwa sakafu ilivyochafuka, nikatoa mazulia ya gari, nikayapiga kwenye nguzo ya zizi la ndama. Udongo wa kwetu ukadondoka pale mabonge mabonge. Nikayarudisha safi kabisa, nikajiona mfanyakazi hodari.

Hofu ilikuja baadaye, tukiwa tunashuka. Ilikuja kama swali dogo: ule udongo nilioukung'uta, ulikuwa na nini ndani yake? Nikajijibu kwamba kule ni baridi. Nilijijibu hivyo mwaka mzima. Kila nilipohesabu mimea ya gugu barabarani, nilikumbuka Dokta alivyotufundisha kwamba mmea mmoja unamwaga mbegu elfu nyingi, nyeusi, ndogo kuliko ufuta, na kwamba zinaweza kukaa ardhini zikingoja. Nikajibu tena: kule ni baridi.

Tulirudi kwa yeyo kiangazi cha mwaka uliofuata. Majani yote ya pale juu yalikuwa yamekauka, rangi ya ngozi ya ng'ombe mzee. Gari liliposimama niliona kitu cha kijani kando ya zizi la ndama, kikiwa na maua meupe juu. Sikushuka garini mara moja. Nilijifanya natafuta kalamu.

"Shikamoo, yeyo," nilisema nilipomfikia.

"Marahaba, binti yangu. Umenikuta naumwa mikono."

Akavua bangili za shanga, akanyoosha mikono. Kuanzia vidoleni hadi viwikoni ngozi ilikuwa imevimba, imekuwa nyeusi na ngumu, na mahali pengine ilitoa majimaji. Nilikuwa nimeiona ngozi ile kabla, kwa mama yangu.

"Imeanza lini?"

"Baada ya mvua. Ni sabuni hii ya mkamwana wangu, ya kutoka dukani. Nimemkatalia asinifulie nguo tena."

Mkamwana wake, msichana mpole mwenye mtoto mgongoni, alikuwa amesimama mlangoni. Aliinamisha kichwa.

Yeyo alituletea chai ya maziwa. Nilipokea kikombe, nikaonja kidogo kwenye ncha ya ulimi, nikitafuta uchungu. Hayakuwa machungu. Nilikunywa yote nikiwa bado naonja.

Ndipo nikaona ufagio wake. Ulikuwa umefungwa kwa kamba ya ngozi, umetengenezwa kwa mashina ya gugu karoti.

"Mmea huu mbuzi hawaugusi," yeyo alinieleza kwa furaha, "na wakati kila kitu kimekufa wenyewe upo. Nafagilia zizi. Ni mgumu, haukatiki."

Nilimwonyesha Dokta mmea ule kando ya zizi. Alipiga magoti, akalishika jani kwa glavu, na uso wake ukawaka kwa namna ambayo watafiti tu ndio wanaielewa: alikuwa amepata kitu kibaya ambacho hakuna aliyewahi kukiandika. Alipiga picha, akapima eneo, akasema haraka haraka, nusu kwangu nusu kwake mwenyewe.

"Limewezaje kufika huku? Barabara kuu iko mbali. Unajua nafikiri nini? Ng'ombe. Wanapelekwa mnadani chini, wasiouzwa wanarudi na mbegu kwenye kwato. Mifugo ndiyo njia yake. Hii tutaiandika kwenye ripoti."

Nilisema, "Inawezekana." Hilo ndilo neno nililosema.

Tulilala kituo cha karibu siku mbili, tukizunguka maboma mengine. Hatukukuta mmea hata mmoja. Kila boma safi lilinizidishia mzigo, maana kama ni ng'ombe, kwa nini gugu liote kwa yeyo tu, tena mita mbili kutoka nguzo niliyoipiga kwa mazulia? Sikula vizuri. Dereva aliniuliza kama nina homa. Nilimwangalia nikajua kwamba yeye alishasahau kabisa.

Kilichonibana zaidi ni ile ripoti. Niliwajua watu wa pale juu sasa. Kila kitu kikiharibika, wa kwanza kutazamwa ni wao na ng'ombe wao. Nikaiona sentensi ya Dokta ikitoka kwenye kompyuta yake, ikisomwa mikutanoni, ikirudiwa na watu ambao hawatakuja kumwona yeyo hata siku moja. Na chanzo chake ni mimi niliyekaa kimya.

Siku ya tatu, tukiwa tumekaa juu ya jiwe tukila viazi, nilimwambia Dokta. Nilianza kwa kuzunguka, nikasema habari ya mvua na foleni, mpaka akaniuliza, "Unataka kusema nini?"

"Gari halikuoshwa. Niliandika limeoshwa. Halafu mazulia niliyakung'uta pale pale lilipoota."

Aliweka kiazi chini. Hakunikaripia. Laiti angenikaripia.

"Nilikuwa naelekea kuwasingizia watu," alisema. "Umenitazama nikiwasingizia, siku mbili." Kisha akauliza, "Yeyo anajua?"

"Hapana."

"Basi twende umwambie. Maneno yatakuwa yako. Mimi sitakusemea."

Tulimkuta yeyo akikamua mbuzi kwa shida, vidole havikunjiki vizuri. Nilipiga magoti karibu naye. Nilimwambia kwamba mmea anaoufagilia ndio unaomla mikono, na kwamba mbegu zake zilitoka shamba la jirani wa kwetu, zikaja ndani ya gari letu, nikazimwaga mimi.

Aliendelea kukamua mpaka maziwa yakaisha. Kisha akajitazama mikono, upande huu na upande ule.

"Kwa hiyo hii umeniletea wewe."

"Ndiyo, yeyo."

"Si sabuni."

"Si sabuni."

Akageuka akamwita mkamwana wake kwa sauti kubwa. Msichana akaja mbio, amebeba ndoo.

"Rudia," yeyo akaniambia. "Yote. Mwambie na huyu."

Nikarudia yote. Msichana alisikiliza, na nilipofika mwisho aliweka ndoo chini, akafunika uso kwa shuka, mabega yakatikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Yeyo alimwambia maneno machache kwa Kimasai, polepole, na sikuomba kutafsiriwa.

Kisha akasimama. "Haya. Linakufaje?"

Tuling'oa mchana kutwa, mimi, Dokta na dereva, tumevaa glavu na tumefunga vitambaa puani. Yeyo tulimkataza kugusa, lakini alisimama juu yetu akituonyesha kila chipukizi tuliloliruka. Tulijaza magunia, tukachoma kwenye shimo mbali na zizi. Mimea mingine ilikuwa imeshamwaga mbegu. Niliziona chini, nyeusi, nikajua hatuwezi kuziokota.

Nilipomwomba ule ufagio, aliutoa, halafu akasema kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, "Na mingine miwili niligawa."

Mmoja alimpa dada yake, ng'ambo ya bonde. Wa pili alimpa jirani aliyekuwa akihama na familia na ng'ombe wote, ili afagilie makao mapya.

Kwa dada yake gari halifiki. Tulitembea na mkamwana kwa muda wa saa tatu hivi, yeye mbele na mtoto mgongoni, mimi nyuma nikihema. Njia nzima nilikagua nyayo zangu mwenyewe. Kila baada ya muda nilisimama nikakwangua soli kwa kijiti, mpaka mkamwana akasema, "Dada, ukifanya hivyo jua litazama tuko njiani." Ufagio tuliukuta umechomekwa kwenye ukuta wa nyumba, umekauka, na chini yake, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, palikuwa na miche mitano iliyoshikana na ardhi, majani yametandazwa kama mkono wa mtoto. Niling'oa kwa kisu, na mizizi yote. Mkamwana alihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano. Tulizunguka nyumba mara nne. Hapakuwa na wa sita.

Yule jirani aliyehama hatukumpata. Wengine walisema familia imeelekea upande wa Loliondo, wengine walisema ilikaa njiani kidogo ikaondoka tena. Namba ya simu aliyoacha haikupatikana. Dokta aliandika barua kwa maofisa wa kata mbili, na tukabandika picha za gugu kwenye maduka ya njiani.

Ripoti ilitoka ikisema gugu lililetwa na gari la watafiti. Dokta aliandika hivyo bila kutafuta neno laini. Sikufukuzwa, ila kwa msimu mzima sikuruhusiwa kujaza fomu yoyote. Nilibeba vifaa na kukausha mimea kwenye magazeti. Niliona ni haki. Dereva alipoelezwa ripoti ilivyosema, alinunua pampu ya kuoshea akaifunga nyuma ya gari.

Mikono ya yeyo ilichukua miezi kupona, hata baada ya zahanati kumpa dawa ya kupaka. Imebaki na mabaka. Sabuni ya dukani ameirudia. Kila msimu wa mvua naenda kwake, na kila mara nakuta machipukizi: mara ya kwanza mengi, mara ya pili kumi na moja, safari iliyopita matatu. Sithubutu kufurahi.

Mkamwana amekuwa jicho langu pale juu. Akiona ua jeupe asilolijua ananitumia picha. Mwezi uliopita nilikuwa shambani na mama wakati simu ilipoita. Mtandao ulikuwa mbovu, picha ikafunguka kidogo kidogo kuanzia juu: anga, ukingo wa kilima, ua jeupe, shina. Nilisimama katikati ya maharage mpaka majani yalipoonekana. Hayakuwa ya gugu karoti. Lilikuwa ua la kawaida la kule kule.

Nikamwandikia: siyo.

Akajibu: yeyo anasema uje uone mwenyewe.

Kesho yake nikaenda. Nilipiga magoti, nikalishika jani, nikalinusa, nikamwambia yeyo kwa mdomo kwamba siyo. Aliniangalia usoni muda mrefu, akinipima, kisha akatikisa kichwa kukubali na kwenda kuchemsha chai. Tukiwa tunakunywa nilimuuliza, kama ninavyomuuliza kila safari, kama amepata habari zozote za yule jirani aliyehama.

"Bado," alisema.