Jina la Mjukuu wa Mbuthia

Mzee Mbuthia ndiye aliyekuwa mkubwa wa wale vijana waliotoza ushuru kila duka na kila mkokoteni wa maji upande wetu wa mtaa wa Umoja, wakiuita ulinzi. Mimi na githeri yangu ya kuuza, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, tulitozwa pia, na sikumpenda hata chembe. Lakini tulipakana ukuta, na ukuta wenyewe ni mwembamba. Nilimsikia akikohoa, akisonga ugali wa mtu mmoja, akibishana na redio.

Mkewe alimkimbia zamani, akaondoka na mtoto wao wa pekee, Gitonga. Gitonga alipokua akapanga nyumba mtaa wa Tena, hapo jirani tu. Ungeacha chai mezani, uende urudi, uikute bado moto. Ila Tena ilikuwa ya Wathome, mkubwa mwingine, na wawili hao waliapa kwamba atakayeingia kwa mwenzake asimlaumu mtu. Kwa hiyo Mbuthia hakuwahi kukanyaga kwa mwanawe.

Mwaka jana Gitonga akapata mtoto wa kwanza, wa kiume. Kwa Wakikuyu hilo halina mjadala, mtoto huyo huitwa jina la baba wa baba yake. Mbuthia akanijia mlangoni, kofia mkononi, akaniita Mama Nzisa kwa adabu nisiyoijua kwake. Alitaka nimsindikize. Kumwona mzazi ni shughuli ya wanawake, wao ndio hubeba kikapu, na yeye, pamoja na jeshi lake lote, hakuwa na mwanamke wa kumbebea.

Nilitaka kumfukuza. Nikamhurumia, Mungu anisamehe.

Wathome alikubali apite, mradi amwachie soko la Umoja na steji ya matatu. Mbuthia akaviachia. Vijana wake wakamcheka, na wengi wakahamia kwa Wathome siku hiyo hiyo. Yeye akanyoa ndevu, akavaa koti lake la harusi, nami nikajaza kikapu njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, na ndizi na unga wa uji. Njiani alikuwa akijisemea, "Mbuthia mdogo," huku anatabasamu. Nilikuwa sijawahi kuona meno yake.

Gitonga alitufungulia bila maneno mengi. Mkewe, Tiffany, akapokea kikapu kwa mikono miwili, akaniwekea mtoto mapajani. Mzee akainama, akamgusa kidole, akauliza anaitwa nani. Alidhani anajua. Alitaka tu kulisikia.

"Ng'ang'a," Gitonga akasema. "Ni jina la babake Tiffany."

Mzee akauliza kama lake limewekewa mtoto wa pili.

"Hapana, baba. Jina lako likitajwa huku watu wanafunga maduka. Siwezi kumwamsha mtoto nalo kila asubuhi."

Nilingoja afoke. Hakufoka. Alifunga vifungo vya koti, akashukuru kwa chai ambayo hakuwa ameinywa, tukatoka. Tulipita sokoni, na vijana waliokuwa wake juzi wakatazama kando. Moyo uliniuma kwa ajili ya mtu niliyemchukia miaka yote.

Jioni ile redio haikuwashwa. Nilikuwa nachagua maharagwe niliposikia sauti yake ng'ambo ya ukuta, ya chini, kama ya mtu anayebembeleza mtoto.

"Ng'ang'a," alikuwa akisema. "Ng'ang'a. Njoo kwa guka, njoo kwa babu, Ng'ang'a."

Alikuwa akilizoea.