Maswali ya Mwita

Enzi zetu kule Nyanungu, tulianza kulima kabla jua halijatoka. Mimi nilitangulia mbele ya maksai, baba ameshika plau, kaka yangu Mwita anafuata na fimbo. Tulilima tumbo tupu, udongo uliolowa ukinukia, tukiwaza uji wa mtama na maziwa ya kibuyu. Watoto wa siku hizi, simu ikikosa chaji asubuhi, nyumba nzima haina amani.

Shida ilikuwa Mwita. Katikati ya shamba alikuwa akisimamisha ng'ombe ili aulize. Kwa nini mvua huanzia milimani? Nani alipitisha mpaka katikati ya ukoo wetu, nusu wakawa Wakenya? Baba alikuwa akisema, "Mwita, maswali hayalimi shamba." Lakini jioni, kwa wazee wenzake, aliyarudia maswali yale kwa majivuno. Shuleni Mwita alishika namba moja kila mwaka, na walimu walibishana naye mpaka kengele ya mwisho.

Alipochaguliwa kwenda chuo kikuu kile kinachotajwa kwa heshima, baba aliuza maksai wote wawili. Mwaka ule tulilima kwa jembe la mkono, na hakuna aliyenung'unika.

Mwita alirudi na shahada nzuri, akapata kazi ofisini Sirari. Siwezi kusema alipotea. Ila alirudi kimya. Siku moja nilimuuliza kulikoni, akasema, "Kule kila mtu alikuwa wa kwanza kwao. Unajifunza kukaa nyuma na kuandika." Inaniuma mpaka leo.

Sasa binti yangu Boke, aliyeongoza shule yao, amechaguliwa chuo kilekile. Yeye anataka chuo kidogo cha Mwanza, ambako alikwenda kuulizia na mwalimu akakaa naye mchana kutwa wakibishana. Ndugu wamekuja juu, wanasema namfungia mtoto njia. Nimechoka kubishana nao. Jumapili nikamwita Mwita aje amshauri.

Boke alimwamkia shikamoo, akakaa. "Mjomba, kule uliwahi kuuliza swali gani?"

Mwita aligeukia zizi.

"Sikumbuki," akasema. "Sikumbuki hata moja."

Basi Boke ataenda Mwanza, ndugu waseme watakavyo. Zamani tulimwomba Mwita anyamaze ili tulime. Siku hizi nikimtembelea Sirari, nakaa nikingoja aniulize chochote.