Kimea cha Kuku wa Bibi

Juzijuzi nilirudi Kasulu kwenye harusi ya mtoto wa mjomba, na Jumapili nikaenda kusali katika kanisa letu la zamani kule kijijini. Siku hizi lina bati jipya na vipaza sauti vinavyosikika hadi bondeni. Ibada ilipokwisha tukaombwa tusiondoke, kwani kulikuwa na semina ya ufugaji. Kijana mmoja, mtaalamu wa mifugo, akapanga juu ya meza, pale pale uani mwa kanisa, trei za plastiki zilizojaa mahindi yaliyochipua. Majani yalikuwa ya kijani kibichi, na mizizi imesukana chini kama mkeka. Akatufundisha kuloweka, kufunika na kunyunyizia maji, akasema kuku wakipewa majani hayo watataga hata kiangazi. Watu wakapiga makofi. Mama mchungaji akachuma kidogo, akanusa, akasema harufu yake nzuri.

Harufu hiyo mimi nilikuwa nimeshaipata tangu trei zilipopitishwa mbele yangu. Ina utamu kidogo na uchachu kidogo, kama nguo mbichi iliyokaushiwa jikoni. Nilinyanyuka taratibu, nikaenda nyuma ya choo cha kanisa, nikalia. Mtu mzima mimi, mwenye watoto wa sekondari, nilishikilia ukuta wa choo na kulia hadi kitambaa changu cha kichwa kikalowa.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana pengine unadhani nimechanganyikiwa.

Nililelewa na bibi mzaa mama, kando ya barabara iendayo Mtabila, enzi hizo kambi ya wakimbizi ikiwa bado imejaa watu. Kabla sijapata akili, bibi alikuwa mpika pombe, tena si wa kubahatisha. Wanywaji walitoka kambini na vijiji vya jirani kuja kukaa kwenye magogo ya uani kwake. Siri ya pombe yake ilikuwa kimea. Aliloweka ulezi, akautandaza kwenye majani ya mgomba, akaufunika kwa majani mengine na kuukandamiza kwa mawe, mpaka ukachipua vijimizizi vyeupe. Hapo ndipo aliuanika na kuusaga. Wenzake walipika, yeye alijua.

Kisha akaokoka. Wanasema alivunja mitungi yake kwa mkono wake mwenyewe, waumini wakiimba. Akaingia kwaya ya akina mama, kwa sababu alikuwa na sauti nzito inayobeba za wenzake wote. Na kanisa likampa sharti ambalo kwetu kila mpika pombe aliyeokoka alipewa: kimea kisionekane tena ndani ya nyumba yake. Mtu angeweza kukutwa na mtungi akasema ni wa maji, lakini kimea hakikuwa na maelezo. Bibi alikubali bila kusita, na kwa miaka mingi hakukiuka.

Mama yetu alifariki mdogo wangu akiwa bado ananyonya. Baba alikuwa ameenda Urambo kwenye mashamba ya tumbaku, na habari zake zikawa za kusikia kwa watu. Tukabaki bibi, mimi na mdogo wangu wa kike. Kiangazi kilipoingia, yule mtoto akaanza kunyauka machoni petu. Nywele zikageuka rangi ya kutu, miguu ikavimba ikawa inang'aa, akawa halii tena kwa sauti, analia kwa uso tu. Nesi wa zahanati hakuzunguka. Alimwambia bibi kwamba uji wa muhogo mtupu unamuua mtoto taratibu, na kwamba dawa yake ni chakula. Apate yai kila siku, bila kukosa.

Ni rahisi kusema yai. Bibi alikuwa na kuku, ndiyo, lakini unajua wenyewe wanavyosema: kuku wa maskini hatagi. Kwetu milimani kiangazi majani yote hukauka, vumbi jekundu hukaa hadi kwenye kope, na kuku wa kienyeji hufunga kutaga kana kwamba wamefunga shule. Tulizunguka kutafuta mayai kwa majirani, lakini kuku wao nao walikuwa wamefunga.

Jioni moja nilimwona bibi ameketi mlangoni anawatazama kuku wakipekua vumbi tupu. Akaniambia kitu ambacho hakuwa amewahi kunisimulia. Enzi za pombe, alisema, kuku wake walikuwa wakiiba kimea, na yeye alikuwa akiwatupia vijiti na kuwalaani. Na kuku wale wezi, kiangazi chote, walikuwa wakitaga. Kisha akanituma nikateke maji.

Usiku ule ulezi uliokuwa umetunzwa kwa mbegu ulilowekwa kwenye sufuria. Kesho yake ukatandazwa kwenye ungo mkuukuu, ukafunikwa majani ya mgomba, ukawekwa karibu na mafiga. Nje haukuweza kukaa. Usiku wa kiangazi kule kwetu una baridi ya kung'ata, na mbegu ikipigwa na baridi hulala tu. Ilibidi ikae jikoni, kwenye joto, yaani ndani ya nyumba.

Kazi yangu ilikuwa kunyunyiza maji asubuhi kabla ya shule na jioni nikirudi. Nilichovya tawi la majani kwenye kibuyu na kulipiga-piga juu ya ungo, taratibu, maana bibi alisema maji mengi huleta ukungu, na ukungu ni sumu ya kuku. Nilipofunua majani, joto lilinipanda usoni. Nilipenda kuiba punje chache na kuzitafuna, zilikuwa tamu. Zilipochipua, tofauti na enzi za pombe, bibi hakuzianika. Aliziacha zione mwanga wa dirisha mpaka zikatoa ncha za kijani, ndipo akawamwagia kuku uani. Na kuku wakataga. Wa kwanza alitagia ndani ya kapu la nguo, akapiga kelele utadhani amejifungua mapacha. Bibi alilichemsha yai lile, akaliponda na chumvi, akamlisha mdogo wangu kwa kidole. Nilipewa maji ya sufuria niyamwage. Sikutamani yai, na nilikuwa mlafi.

Harufu ya kimea, hata hivyo, haina adabu. Ilitoka jikoni, ikapita barabarani, ikafika puani mwa wapita njia waliokuwa wanaifahamu vizuri kuliko walivyokiri. Kijijini wakaanza kuulizana kama yule mama amerudia. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja.

Wazee wa kanisa walikuja asubuhi, nasi tukawakaribisha. Walikuwa watatu, lakini aliyesema ni mmoja, mtu mpole, fundi seremala, ambaye ndiye aliyetutengenezea sanduku la kumzikia mama. Aliomba kuona jikoni. Bibi hakumzuia. Bahati mbaya ilikuwa kwamba ungo wa siku hiyo ulikuwa ndio kwanza umechipua, vijimizizi vyeupe bila jani hata moja, sawasawa na kimea cha pombe. Bibi akawaeleza ni cha kuku. Akawaambia wakisubiri kidogo watakiona kikigeuka kijani, na kijani hakipikiwi pombe. Yule mzee akasema yeye binafsi anaamini, lakini sharti halisemi kimea cha pombe, linasema kimea. Wakimwachia bibi, kesho kila mpika pombe kijijini atakuwa mfuga kuku.

Bibi alimfungua mdogo wangu mgongoni, akamkalisha kwenye mkeka mbele yao, akafunua khanga ili waione ile miguu. Mzee alitazama kwa muda mrefu.

"Tutamwombea, mama," alisema. "Nawe omba. Mungu atampa."

"Nimeomba, mzee," bibi akajibu. "Ndiyo kanipa kuku."

Hawakukasirika. Waliaga kwa heshima, na Jumapili iliyofuata jina la bibi likasomwa mbele ya kanisa kwamba ametengwa. Hiyo maana yake asishiriki Meza ya Bwana, asiimbe kwaya, na akae benchi la nyuma mpaka atubu. Mimi nilikuwa nimeketi ubavuni mwake. Alinyanyuka mwenyewe kabla hajaambiwa, akanishika mkono, tukahamia nyuma, mdogo wangu akiwa mgongoni. Kwaya ikaimba bila yeye na ikasikika nyembamba. Nilitegemea watu wageuke kumtazama, nikajiandaa kuwakodolea macho. Hakugeuka mtu. Hilo liliniuma zaidi.

Jirani yetu, mama mmoja aliyetoka Burundi zamani akalowea kijijini hadi akapata uraia, alikuja jioni na bakuli la maharage. Alikuwa ndiye pekee aliyeendelea kuja. Akamshauri bibi kwa upendo kwamba ulezi uhamie jikoni kwake, bibi aseme ameacha, arudi kundini, na mayai yaendelee kupatikana. Kwa akili yangu ya kitoto niliona hapo mambo yamekwisha. Bibi akatikisa kichwa.

"Dada, nilivunja mitungi hadharani," alisema. "Leo nikamfiche Mungu kimea cha kuku nyumbani kwako?"

Jirani akacheka, kisha akafuta macho kwa upindo wa kitenge.

Mdogo wangu alipona polepole. Kwanza alirudi kulia kwa sauti, na bibi akasema hajawahi kusikia wimbo mtamu kama ule. Kisha uvimbe ukashuka, nywele zikaanza kuota nyeusi kwenye mashina. Mvua za kwanza zilimkuta anasimama kwa kushikilia mlango, na siku moja akauachia, akamkimbilia jogoo, akaanguka kifudifudi kwenye tope. Bibi alipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka.

Majani yakaota tena, kimea hakikuhitajika, ungo ukatundikwa. Kanisa lilimngojea. Yule mzee fundi alipita mara kwa mara, akamsihi kwamba ni neno moja tu, apige magoti aseme amekosa, na kila mtu alitaka arudi. Bibi angesema nini? Alimuuliza atubu kwamba mtoto anatembea? Neno lile moja bibi hakuwa nalo. Nimekuwa nikijiuliza kama kilikuwa kiburi. Siku nyingine naona ndiyo, na nampenda nacho. Kila Jumapili aliendelea kwenda, benchi la nyuma, na wimbo ulipoanza aliimba kwa midomo bila sauti.

Alifariki kabla mdogo wangu hajaanza shule, kwa homa ya siku chache. Aliyetengwa haimbiwi na kwaya wala haombewi na mchungaji kaburini, na wakati huo hakuna aliyethubutu kupindisha. Yule mzee fundi alileta sanduku, akakataa shukrani, akasimama mbali na kofia mkononi. Jirani yetu ndiye aliyesali, kwa Kirundi, huku mvua ikinyesha. Baada ya matanga mimi nikabaki kwa mjomba Kasulu, mdogo wangu akachukuliwa na shangazi kwenda Kibondo.

Nyumba ya bibi imeanguka, siku hizi ni shamba la mihogo. Mtabila hakuna watu tena. Ulezi nao haulimwi sana, watu wanasema unachosha, na jirani yetu na yule mzee fundi walishalala mauti yao. Walionusa harufu ile na kujua ilikuwa ya nini, kwa hesabu yangu, nimebaki mimi.

Kutoka harusini nilipitia Kibondo kumsalimia mdogo wangu. Ni mama mwenye mwili wake, ana duka la vitenge, na ndiye kiongozi wa kwaya ya akina mama. Binti yake mkubwa akaniuliza bibi yetu alikuwa mtu wa namna gani. Kabla sijajibu, mama yake akamtuma akakae dukani, maharage yakibaki motoni jikoni, kisha akanisogelea.

"Dada, tafadhali, usiwasimulie hawa habari za bibi," alisema kwa sauti ya chini. "Shangazi aliniambia alitengwa kwa pombe akafa hajatubu. Mimi ni kiongozi kanisani."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikidhani ukimya wake juu ya bibi ni huzuni kama yangu. Nikamweleza. Nikamweleza miguu yake, ulezi, wazee wa kanisa, kidole cha bibi kikimlisha yai. Alisikiliza akiwa amekunja khanga yake mapajani, anaikunja na kuikunjua. Maharage yakaungua, tukayasikia yakiungua, hakuna aliyenyanyuka.

Hatimaye akaniuliza, "Aliniita nani? Aliponilisha, aliniita nani?"

Bibi alikuwa na jina lake la kumbembelezea, la Kiha, alilitaja kila tonge. Nikafungua kinywa nimwambie. Halikuja. Nilikaa pale mbele ya mdogo wangu, nikalitafuta, yeye akingoja, na mpaka leo nalitafuta.