Mjane Aliyekwenda Kutazama Mnandi

Gaudensia alipokuwa na mume, hakuna aliyemuuliza Jumapili anakwenda wapi. Alitoka kanisani, akalisha watu wake, akafungia ndama, kisha akajitupia mtandio begani na kushika njia ya kutoka Hirbadaw kwenda Ziwa Basotu. Juu kidogo ya mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, kijiji kiliwahi kutengeneza kibustani cha kutazamia: mabenchi ya saruji, kipaa cha nyasi, na uzio wa nguzo ili mtu asiteleze hadi majini. Ukikaa hapo unaona wavuvi wakiingia na kutoka, unaona akina mama wakigombea perege, na mbele yao unaona miti mikavu iliyosimama ndani ya maji, imejaa mnandi. Ni ndege weusi wenye shingo ndefu. Wakishapiga mbizi hupanda juu ya matawi na kutandaza mabawa yakauke, kama mtu aliyeanika koti. Walikuwapo na bata, na korongo, na mara nyingine mwari wakubwa wanaoelea kwa maringo, lakini Gaudensia aliwapenda mnandi kuliko wote. Mumewe Xavery alimtania kwamba ana wakwe wengine ziwani. Hakumzuia hata siku moja.

Xavery akaugua figo. Walihangaika naye hospitalini hadi nguvu zikawaishia, akafa mvua za kwanza zikianza kunyesha. Ndugu walikuja, wakazika, wakatawanyika. Akabaki Patriki, kaka mkubwa wa marehemu, ili azungumze na shemeji yake.

"Mama Hilda, unajua desturi," alisema. "Mjane anatulia nyumbani mpaka mwaka uishe. Na maji ya watu, iwe chemchemi, iwe ziwa, hayasogelei. Wazee walisema kifo kinamfuata, maji yanaharibika."

"Shemeji, sisi ni Wakristo."

"Ndiyo, Wakristo. Lakini samaki wakikimbia, wavuvi utawaambia nini?"

Gaudensia hakuwa na nguvu ya kubishana. Alivaa nguo nyeusi, akatulia. Binti yake Hilda ndiye aliyechota maji na kwenda sokoni. Majirani walimjulia hali wakiwa ng'ambo ya uzio wa minyaa, wakaondoka haraka kana kwamba wameacha chungu motoni.

Kilichomwamsha ni kikombe. Jirani aliyesuka naye mikeka tangu ujana wao alimletea chai, wakazungumza vizuri tu, na Gaudensia alipomaliza kunywa akamrudishia kikombe chake. Yule mama akarudisha mikono nyuma. "Kaa nacho tu," akasema, macho yakiwa chini.

Gaudensia alikaa na kile kikombe mapajani mpaka jua likahama mlangoni. Alilia kwa ajili ya Xavery, kama kila siku. Kisha akagundua kwamba machozi mengine yalikuwa ya hasira. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mahali pekee alipoachiwa kwenda, hakurudi nyumbani.

"Mama, baba mkubwa atakasirika," Hilda alimwambia wakiwa njia panda.

"Akasirike. Miguu ni yangu."

Kumbe Patriki alikwisha kupigiwa simu na mtu aliyemwona njiani, naye akampigia Vicent, mlinzi wa bustani. Gaudensia alipofika alikuta geti limefungwa kwa mnyororo.

"Mama, nisamehe," Vicent alisema kutoka ndani. "Nimeambiwa nisikuruhusu. Mimi na wewe hatuna ugomvi."

"Hatuna. Basi fungua."

"Siwezi, mama."

Gaudensia hakupiga kelele. Alivua viatu, akakunja gauni, akazunguka kwa chini, kwenye tope la ufukweni, ambako uzio unakomea. Maji yalimfika magotini. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu waliacha kushona. Akapanda mteremko akishika majani, akatokea juu mwenye matope hadi kiunoni, akakaa kwenye benchi lake. Mnandi walikuwa pale pale, mabawa wazi.

Patriki alikuja na pikipiki. Vicent alimfungulia.

"Shuka hapo twende nyumbani," alisema, akihema. "Unatuaibisha. Umeingia hadi ndani ya maji!"

"Nimeingia kwa sababu mmefunga geti."

"Mdogo wangu hajapoa kaburini, wewe unatazama ndege?"

Gaudensia aligeuka, akamtazama. "Shemeji, nikuulize mbele ya hawa wote. Ningekufa mimi, Xavery angebaki, ungemfungia mwaka mzima? Ungemzuia kunywesha ng'ombe ziwani? Wewe ulipofiwa na mkeo, nilikuona mnadani kabla hata maua ya kaburini hayajanyauka. Hakuna aliyekuachia kikombe."

Huko chini kwenye mwalo hakuna aliyekuwa akijifanya hasikii.

"Xavery ameuawa na figo," Gaudensia akaendelea. "Mimi ndiye niliyemwosha, nikamlisha, nikamfumba macho. Kama kuna mtu hapa anayeniogopa, ahame yeye. Mimi sihami."

"Basi usinitegemee tena," Patriki alisema. Akawasha pikipiki, akaondoka.

Hakutania. Msimu wa kulima ulipofika hakuleta maksai wake, na Gaudensia na Hilda walilima kwa jembe la mkono, mikono ikavimba. Nusu ya shamba ilibaki pori. Wapo waliosema amepata alichotafuta. Siku moja wavuvi walipokosa samaki, wawili walimnyooshea kidole. Kesho yake wakapata, na hakuna aliyekwenda kumwomba radhi.

Lakini kila Jumapili alikwenda. Vicent hakufunga tena geti. Alisema mnyororo umeingia kutu. Kisha alasiri moja mchuuzi wa samaki aitwaye Perpetua, naye mjane, aliyekuwa akituma watu wamnunulie samaki ili asikaribie mwalo, alipanda taratibu hadi kwenye benchi akiwa na nguo zake nyeusi. Alikaa, akatazama maji.

"Wale weusi wanatubu nini pale, na mabawa hivyo?" akauliza hatimaye.

"Hawatubu," alisema Gaudensia. "Wanajikausha."

Perpetua akacheka, akaziba mdomo, akaona haina haja, akacheka vizuri.

Wakati wa mavuno Gaudensia alikutana na Patriki dukani, watu wamejaa. "Shikamoo, shemeji," akamsalimia. Patriki akajifanya anachagua betri za tochi. Gaudensia akasogea, akasimama mbele yake na mzigo wake kichwani, akarudia kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje waliisikia: "Shemeji, shikamoo!" Akasubiri. Duka zima likasubiri naye.

"Marahaba," Patriki akasema.