Motokari Ilirudi, Deni Likabaki Nyumbani

Admin, nakusalimu, wewe na wote wanaosoma ukurasa huu. Jina langu usiliweke, maana Bukavu ni mji mkubwa kwa wageni tu. Sisi wenyeji tunajuana. Nina miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wanne, tunaishi Cimpunda. Nauza unga wa muhogo sokoni. Mume wangu nitamwita Papa Ushindi, si jina lake. Ni dereva, na hapo ndipo yalipoanzia yote.

Kwa miaka mingi aliendesha motokari za watu. Basi alipopata koperative ya mikopo iliyokubali kumnunulia teksi alipe kidogo kidogo, alirudi nyumbani akicheka peke yake. Walitaka mdhamini mwenye mali. Mali yangu mimi ni shamba la Mudaka aliloniachia marehemu baba, ambako mama yangu analima mpaka leo. Nilitia saini. Sikulazimishwa. Na mimi nilitaka nikae kiti cha mbele kwenye motokari yetu siku ya Pasaka, na kweli nilikaa.

Kisha hali ya mji ikaharibika, mafuta yakapanda, abiria wakaanza kutembea kwa miguu. Tulishindwa kulipa, na koperative ikaitaka motokari. Papa Ushindi hakuwasubiri waje kuikokota mbele ya majirani. Aliiosha mwenyewe, akaweka gurudumu la akiba na jeki mahali pake, akawapelekea pamoja na ufunguo. Kwao ni Kabare, watu wa ng'ombe. Dada yake alipoachana na mumewe, ng'ombe wa mahari walirudishwa, familia zikanywa kasiksi pamoja, pombe yetu ya ndizi, na hakuna aliyemdai mwenzake tena. Yeye aliona motokari ni vivyo hivyo. Alirudi kwa miguu, akakaa, akaniambia, "Motokari yao nimewarudishia. Sasa hatuna deni ya mutu." Nilimwamini. Kusema kweli hata mimi nilifikiri hivyo.

Motokari iliuzwa kwa mfanyabiashara mmoja, na kwa bahati yetu mbaya dereva wake akawa anapita barabara ya juu ya nyumba yetu kila asubuhi. Papa Ushindi alikuwa akishtuka kitandani kabla mimi sijasikia chochote. Anapapasa suruali kutafuta ufunguo, halafu anakumbuka, anageukia ukutani. Wakati mwingine mguu wake unasukuma shuka usingizini, anakanyaga klachi. Alikonda. Tension, yaani presha ya damu, ikapanda mpaka akalazwa, na muuguzi akanionya nisimletee habari za kumchoma moyo. Kilichomwinua ni lile neno lake, kwamba angalau hadaiwi. Analisema akinyoa ndevu, analisema kwa wageni, analiweka hata kwenye sala kabla ya kula.

Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha kutembelewa sokoni. Kijana wa koperative, mpole, shati limepigwa pasi. Alinunua kopo moja la unga bila kuomba nimpunguzie, kisha akainama karibu yangu. "Maman, motokari tuliuzisha, lakini franga yenye ilitoka haikufika deni. Yenye inabakia iko juu yenu. Papa hashikake telefone, njo maana nakuya kwako."

Nilimwuliza tutaendeleaje kulipia motokari ambayo mtu mwingine anaiendesha. Akanieleza taratibu kwamba iliuzwa kwa bei ndogo, na riba na gharama zao zikaongezwa juu, na kwamba yote yalikuwa kwenye mkataba tuliousaini. Si mtu mbaya. Lakini anakuja, ananunua kopo lake, anasubiri. Siku hizi mwanaume yeyote akiinama mbele ya meza yangu, namwaga unga nje ya kopo. Nimekuwa nikimpa kijana huyo kinachopatikana, nikipunguza chakula cha nyumbani na kumwambia Papa Ushindi kwamba biashara imelala. Wiki iliyopita yule kijana akaniambia wakubwa wake wamechoka. Mwezi huu ukiisha kabla hatujamaliza, wanachukua shamba. Mama hajui. Juzi alinipigia kuniambia maharage yamekubali.

Jumapili baada ya misa, yule mfanyabiashara alikuja kwetu. Dereva wake ameacha kazi, injini inasumbua, na watu wamemwambia hakuna anayeijua kama mwenye nayo wa zamani. Alitaka Papa Ushindi aiendeshe kwa mshahara. Nilidhani mume wangu atakataa kwa aibu. Alikubali kabla mgeni hajamaliza soda. Kesho yake motokari ikapiga honi mlangoni, watoto wakatoka mbio, na mimi nikabaki ndani nimeshika ukuta. Nilihisi kama mtu tuliyemzika amekuja kuomba chai.

Sasa anakula vizuri. Anaimba akioga. Jana amenikalisha akaniambia, "Mama Ushindi, nitakuwa naweka kidogo kidogo, siku moja nitainunua, ikuwe yangu. Hatuna deni ya mutu, njo maana Mungu ametukumbuka." Nikasema amina. Nilitamani kulia, nikaenda kupepeta unga ambao ulikuwa umekwisha kupepetwa.

Ninyi mnaonisoma, hasa mliowahi kunyang'anywa motokari na bado mkadaiwa, nisaidieni. Kuna yeyote aliyeenda kuongea nao wakampunguzia? Nikimwambia mume wangu, kila asubuhi atakaa nyuma ya usukani wa kitu anachokilipia na ambacho si chake, na naogopa moyo wake hautabeba. Nikinyamaza, mama atakuta watu asiowajua wanapima shamba lake. Mnijibu bila matusi, nimejitukana vya kutosha. Kati ya mume wangu na mama yangu, nianze kumvunja nani?